Siku Bibi Aliposhuka Kwenye Boti

Mwezi uliopita nilitumwa stoo ya nyumbani, Maisaka mjini Babati, kuchukua majembe na koleo kwa ajili ya kaburi la bibi. Stoo ile haina dirisha. Nilipapasa ukutani, mkono ukakutana na kitu kirefu, laini kwa kushikwa miaka mingi, nikajua hata kabla ya kukitoa nje kwamba ni kasia la baba. Nikalinusa. Si jambo la mtu mzima, watu wanasubiri majembe na yeye amesimama gizani ananusa mti, lakini nililinusa. Harufu ya tope na matete ilikwishatoka zamani, imebaki ya panya na mafuta ya taa. Hata hivyo nilikaa pale mpaka mdogo wangu akaja kuniita mara ya pili.

Wakati wa kasia lile, mkoa wa Manyara ulikuwa mpya. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka watu wazima walivyolitamka neno hilo huku wamenyoosha migongo. Mkoa unakuja. Mkoa ukija barabara itatiwa lami. Ukiwa na kiwanja Singe usiuze, subiri mkoa. Nilikuwa darasa la tatu, na nilichoelewa ni kwamba mkoa ni kitu kinachosafirishwa. Kwa hiyo siku lori lilipoingia mjini kutoka upande wa Arusha limebeba kitu kikubwa kilichofunikwa turubai la bluu, nilikimbia hadi nyumbani nikamwambia mama kwamba mkoa umefika. Mama alikuwa anachagua mchele. Akaniuliza umefika na nani. Nikasema umefika na lori. Hakucheka mbele yangu, ila jioni nilimsikia akimsimulia baba, na baba akakohoa sana kama mtu aliyepaliwa.

Kumbe ilikuwa boti. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amepiga hesabu zake kwamba mkoa utaleta wageni, na wageni watataka kuzunguka Ziwa Babati wakiangalia viboko, wameketi kivulini, soda mkononi. Boti ilikuwa na paa la turubai, mabenchi pande mbili na injini iliyonguruma kuliko viboko wenyewe. Tatizo lake lilikuwa moja. Upande wa mjini, ziwa letu halina ufuko wa maana. Kuna tope, kuna matete, na maji ni mafupi kwa mwendo mrefu kabla ya kufika nchi kavu. Boti ilikuwa inakwama mbali, hatua mia moja au zaidi, na wageni wenye viatu vyao vilivyong'arishwa hawakuwa tayari kushuka topeni. Ndipo mwenye boti akamtafuta baba.

Baba alizaliwa Ukerewe, na maji aliyajua kama wengine wanavyojua shamba. Alikuja Babati kufuata samaki, akamkuta mama, akabaki. Alikuwa na mtumbwi wa kuchukua watu wanne, watano kama ni wembamba. Kazi yake mpya ikawa kuisogelea boti pale ilipokwama, kuwashusha watu na kuwaleta nchi kavu kwa zamu. Boti ilikuwa na sifa zote, picha zote zilipigwa ndani yake, lakini bila mtumbwi wa baba hakuna ambaye angerudi nyumbani kwake.

Kushuka kulikuwa na utaratibu na baba hakuruhusu uvunjwe, hata na mtu mwenye tai. Abiria anakaa kwenye ukingo wa boti, haendi popote. Baba anausogeza mtumbwi, analaza kasia, anaikamata boti kwa mkono wa kushoto na kuvibana vyombo viwe kitu kimoja. Kisha anasema, "Nimeshika." Hapo ndipo abiria anatoa mkono, na baba anaukamata kwenye kifundo, si kiganjani, maana kiganja huteleza. Mguu unakanyaga katikati ya mtumbwi, kamwe si pembeni, na mtu anaketi papo hapo. Niliwaona waheshimiwa, watu ambao mjini walifunguliwa milango ya magari, wamekaa ukingoni kimya wakisubiri baba yangu aseme neno moja. Nilivimba kichwa.

Mtu mmoja tu katika dunia hakutaka kushikwa mkono na baba, naye alikuwa bibi, mama yake mama.

Bibi alikuwa ameshuka na babu kutoka juu, Mbulu, wakiwa vijana, wakapata shamba upande wa pili wa ziwa, kabla hujafika Bonga. Alikuwa mrefu, mwembamba, mkali wa macho, na mpaka anakufa Kiswahili chake kilikuwa na milima ndani yake. Alipokuja kututembelea, baba alikuwa anatokea mlango wa nyuma. Kama wakikutana uani, bibi alijifunika shuka usoni na baba akageukia ukuta. Hawakusalimiana kwa mkono. Hawakula pamoja. Samaki wa baba bibi hakumgusa hata kwa uma, sufuria yake ilipikwa kando. Na waliposhindwa kukwepana kabisa, walizungumza kupitia kwangu, hata kama wako hatua nne kutoka mmoja hadi mwingine.

"Paulina, mwambie baba yako paa linavuja pale jikoni."

"Baba, bibi anasema paa linavuja pale jikoni."

"Mwambie bibi nitalipanda kesho."

Mtoto wa miaka tisa angeelewaje? Niliona watu wawili ninaowapenda wanachukiana, na hakuna anayenieleza kosa ni la nani. Iliniuma kweli. Nilikuwa nalala nikiwaza kwamba siku moja bibi atamchukua mama arudi naye shambani, na mimi nitaambiwa nichague. Basi nikaanza kutengeneza mambo kwa njia niliyokuwa nayo, yaani maneno yao. Kwa kuwa yote yalipita mdomoni kwangu, nilianza kuyatia sukari. Bibi akisema mlango unapiga kelele, nilimwambia baba kwamba bibi ameusifu mlango, ila angeongeza mafuta kidogo. Wote wawili wangeweza kusikia, lakini mtu aliyegeukia ukuta husikia nusu, na aliyejifunika shuka husikia nusu nyingine.

Safari moja baba alisema, "Mwambie bibi gari la Bonga linaondoka saa nne." Bibi alikuwa chumbani. Nikaenda nikamwambia, "Baba anasema usiondoke leo, ukae." Bibi akaniangalia sana. Kisha akafungua fundo la nguo zake, akazirudisha kitandani moja moja. Alikaa siku tatu zaidi na alikuwa na furaha mno, hata akaniimbia. Baba hakuelewa kilichotokea ila hakulalamika. Mimi nilijiona nimegundua dawa.

Kisha zikaja mvua. Mvua kubwa tuliwahi kuziona, lakini zile zilikaa. Ziwa likajaa, likavuka mipaka yake, likaifunika barabara ya kuelekea Bonga. Magari yakasimama. Boti ya wageni ikageuka kuwa basi la wananchi, ikibeba walimu, wauza nyanya na wagonjwa, na kule upande wa pili ukingo ulikuwa wa mawe, mtu alipanda kwa ubao bila shida. Taabu ilibaki huku kwetu, kwenye tope, na baba alishinda ndani ya mtumbwi tangu asubuhi.

Wakati huohuo mama alikuwa mjamzito, karibu kabisa. Baada yangu mimi alikuwa amezaa mara mbili, na watoto wote wawili hawakuimaliza wiki. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo nyumbani, lakini niliyajua makaburi yao, na nilimwona mama alivyokuwa akikaa na mkono juu ya tumbo kana kwamba kuna mtu anataka kulichukua. Asubuhi moja alimwambia baba, "Nataka mama yangu. Bila mama yangu sitaweza."

Baba akasema, "Hajawahi kupanda chombo cha maji maisha yake yote."

"Najua. Mtume Paulina."

Bibi kweli alikuwa haendi majini. Wazee wa kwao juu walifundishwa tangu utoto kwamba kwenye maji kuna wenyewe, na wenyewe hao hawapendi kusumbuliwa. Hata kisimani alikuwa anachota na kuondoka, haangalii ndani. Niliondoka na boti, nikatembea hadi shambani kwake, nikampa shikamoo na kumwambia mama anamtaka. Safari hiyo sikutia sukari, nilisema kama nilivyotumwa. Bibi aliuliza swali moja tu, "Amesema bila mimi hataweza?" Nikasema ndiyo. Akaingia ndani, akatoka na fundo lake na fimbo, akafunga mlango.

Ndani ya boti alikaa katikati, mbali na maji ya pande zote mbili, akafumba macho. Mwendesha boti, kijana wa Kondoa tuliyemwita Dulla, alimwamkia, "Shikamoo bibi, usiogope, hii ni kama gari tu." Bibi akajibu marahaba bila kufumbua macho. Nilimshika mkono njia nzima. Ulikuwa wa baridi na mgumu, na sikujua kwamba mtu mzima naye anaweza kuogopa kiasi kile.

Tulipokaribia mjini boti ikakwama topeni, mbali na nchi kavu, kama siku zote. Dulla akazima injini. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza, ukituzungusha kuelekea matete, na Dulla akaenda nyuma kuizuia boti kwa mti mrefu. Ndani ya matete, si mbali, kiboko alipiga ule mguno wake. Baba akaja. Akamchukua mwalimu na mwanamke wa nyanya na makapu yake, akawapeleka. Akarudi, akawachukua wanaume wawili. Tukabaki mimi na bibi.

Hapo ndipo nilipowaza jambo ambalo sikuwa nimeliwaza tangu asubuhi. Baba atamshikaje? Nilimwona akija mara ya tatu, na kadiri alivyokaribia ndivyo alivyozidi kugeuza uso, mpaka akawa anapiga kasia huku anaangalia nchi kavu. Bibi naye alijifunika shuka usoni. Nikasema moyoni, basi, leo ndiyo leo. Bibi hatashuka. Atarudi na Dulla, na mama atakufa kwa kumkosa, na wote wawili hawatajali kwa sababu ya chuki yao.

Baba akasimamisha mtumbwi pembeni yetu, haujagusana na boti bado. Akasema akiangalia pembeni, upepo ukichukua nusu ya maneno, "Paulina. Mwambie bibi akae hapohapo ukingoni. Asinyanyue mguu mpaka niseme nimeshika."

Nilimwangalia bibi, mtu mzima aliyevuka hofu ya maisha yake yote kwa ajili ya binti yake, na salamu ya kwanza anayopewa ni amri, kama mbuzi. Nikaona haya kwa niaba ya baba yangu. Nikafanya nilivyozoea.

"Bibi, baba anasema karibu sana nyumbani, ushuke."

Bibi akanyanyuka. Akatoa mguu, akakanyaga pembeni ya mtumbwi, hasa mahali pasipokanyagwa. Mtumbwi haukuwa umeshikwa. Ukakimbia. Mguu mmoja wa bibi ukaenda nao, mwingine ukabaki kwenye boti, na katikati yakafunguka maji ya rangi ya chai. Fimbo ikaanguka na kuondoka. Alikamata nguzo ya paa kwa mkono mmoja, akakalia ukingo vibaya, mguu ndani ya maji hadi gotini. Hakupiga kelele. Alisema neno moja la kwao ambalo sikulijua na sijawahi kuuliza maana yake.

Baba alikuwa ameshajirusha. Maji yalimfika kifuani kwa sababu tope lilimmeza miguu, nilimwona akihangaika kuinyofoa. Akajipenyeza kati ya boti na mtumbwi, akaweka bega moja huku na mkono mmoja kule, akavibana vyombo viwili kwa mwili wake. Kiboko aliguna tena na Dulla akapiga mti majini kumtisha. Bibi na baba walikuwa karibu kuliko siku zote za maisha yao. Angeweza kumkamata kifundo. Mimi nilitaka amkamate, nilikuwa nalia nikimwambia amshike.

Hakumshika. Akavuta kasia kutoka ndani ya mtumbwi, akalielekeza kwa bibi, upande wa mpini kwake bibi, upande wa bapa akiubana kwapani. Uso wake ulikuwa umegeukia matete. Na pale, akiwa ndani ya maji na mnyama anaguna nyuma yake, akanituma.

"Paulina. Mwambie bibi nimeshika."

"Bibi," nikasema, "baba anasema ameshika."

Bibi akaacha nguzo, akashika mpini wa kasia kwa mikono miwili. Akaingiza mguu katikati ya mtumbwi, akaketi. Nami nikafuata. Baba hakupanda. Mtumbwi ule ni mfupi, angepanda wangekaa magoti kwa magoti. Alitusukuma kwa miguu, tope likimvuta kila hatua, hadi kwenye nyasi, na njia nzima bibi hakuliachia lile kasia na baba hakuliachia.

Tulipokanyaga nchi kavu bibi alikamua kanga yake, akashusha pumzi. Kisha akasema, uso ukiwa ndani ya shuka, "Mwambie baba yako akabadilishe nguo. Ataugua homa, na mama yako atahangaikia wagonjwa wawili."

Nikapeleka maneno hayo kwa baba yalivyo, moja moja.

Jioni, bibi akiwa ndani na mama, baba aliniita uani. Akaniuliza nilimwambia bibi nini. Nikamweleza yote, hata la gari la saa nne, hata la mlango. Nilidhani nitachapwa. Akasema, "Mjumbe hauawi. Lakini wewe nusura uue." Nikalia. Nikamwambia sababu, kwamba nilitaka waache kuchukiana.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Nani anamchukia nani?"

Ndipo akanieleza. Kwao Ukerewe, mama mkwe haguswi mkono, hatazamwi machoni, hatamkwi jina, wala huli mbele yake. Unamwachia njia. Unafanya hivyo kwa sababu amekupa mtoto wake, na hakuna kitu mkononi mwako kinachoweza kulingana na hicho. Alipoposa, alimweleza bibi yote hayo kupitia mshenga, na bibi akaikubali adabu hiyo na kuishika kuliko hata yeye. Samaki je, nikauliza. Baba akacheka. Bibi hakumla samaki wa mtu yeyote, watu wa juu wa umri wake wengi hawakula. "Bibi yako angetaka kunichukia," akasema, "angenipa mkono."

Mama alijifungua siku tisa baadaye, mtoto wa kiume. Bibi alimkanda mama, alimlinda mtoto, alimfukiza joto kwa chungu cha makaa, na wiki ilipita, kisha mwezi. Bibi hakurudi shambani tena isipokuwa kupalilia na kuvuna. Baba alimjengea chumba chake chenye mlango wa kutazama upande mwingine, wasigongane asubuhi, na kwa miaka yote hiyo mimi niliendelea kuwa mdomo wao. Boti haikudumu. Barabara ilipofunguka abiria waliisha, wageni hawakuwa wengi kama ilivyotarajiwa, na mwenyewe akaja kuchukua injini. Baba alirudi kwa samaki wake, kisha magoti yakamkataza.

Bibi alizikwa shambani kwake, upande wa pili wa ziwa. Tulikwenda kwa gari juu ya lami. Katekista alipomaliza sala zake wanaume wanne wakazichukua kamba, mmoja wao mdogo wangu, yule aliyemfanya bibi avuke. Wakati huo baba akasogea. Ana umri wa kutosha sasa, na mila yake ingemruhusu akae kando na wageni. Akamgusa bega mmoja wa wale wanne, akamwomba nafasi. Watu walinong'ona kidogo, kisha wakampisha. Akaizungusha ncha ya kamba kifundoni mwake, si kiganjani, akatanua miguu.

Jeneza likainuliwa kutoka kwenye magogo. Baba alikuwa amegeuza uso kuelekea mahindi. Akaniita bila kunitazama, nikasogea karibu yake.

"Paulina," akasema taratibu, "mwambie bibi nimeshika."

Nilipiga magoti pembeni ya kaburi, nikamwambia bibi kwamba baba anasema ameshika. Sikuongeza neno. Kisha wakaanza kumshusha.